Kugomba kwa Vipande

Mimi ni fundi saa, na kwa miaka minne sikujua pa kumshika mke wangu. Bega linauma, mkono unauma, hata shuka likimgusa anaruka. Vipimo vyote vilirudi safi, na dada zangu wakaanza kunong'ona kwamba anadeka. Niliwachukia kwa hilo, Mungu anisamehe. Hatimaye daktari mmoja akautaja ugonjwa kwa jina lake, fibromaialjia, maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo, akatupeleka kwa mama wa mazoezi ya viungo.

Mama huyo akaagiza matembezi ya dakika tano kwa siku. Nikaona anatutania. Mtu kuinuka kitandani ni shughuli, halafu dawa yake kutembea? Haya, kama dawa ni kutembea, nikajifanya mjuaji, siku ya kwanza nikamtembeza nusu saa. Alilala siku tatu bila kugeuka. Na mimi ndiye ninayewakataza wateja kulazimisha ufunguo wa saa.

Mama wa mazoezi alinisema mpaka nikaona haya. Tano ni tano, na kila wiki tuongeze moja. Mwendo wenyewe umpandishe pumzi kiasi cha kuweza kuongea, asiweze kuimba.

Mke wangu haimbi, anagomba. Basi hicho kikawa kipimo chetu. Akinigomba kwa sentensi nzima, tunaongeza mwendo. Maneno yakianza kutoka vipande vipande, tunabaki hapo hapo, hatuongezi. Majirani walidhani ndoa yetu inavunjika kila asubuhi, kwenda na kurudi.

Wiki ya tisa akaanza kupata usingizi. Maumivu hayakwisha, wala hakuna aliyetuahidi hivyo. Lakini alipanda ngazi za nyumba yetu bila kupumzika, na mimi nikabaki chini nimeduwaa. Miguu ni ile ile. Nimefungua maelfu ya saa, sijawahi kuona mtambo unaojitengeneza kwa kutembea.

Wiki ya kumi na nne, dakika ya kumi na nane, alikuwa ananigomba kwa viatu nilivyoacha mlangoni, akanyamaza ghafla. Nikadhani ameishiwa pumzi, nikasimama. Akaingiza mkono wake katika wangu. Nikaushika kwa ncha za vidole.

"Shika vizuri," akasema. "Mimi si saa."

Nikaukamata mkono mzima, nikalia pale pale barabarani, watu wanatazama.