Mbuzi Ambaye Hajatolewa

Kanisani kwetu Kitengela, mwenye mnada ni mimi. Watu wakileta sadaka za shukrani, kuku, mayai, sukuma, malenge, lazima mtu asimame baada ya ibada aziuze, na mtu huyo ni Mugure, Mama Caro, yaani mimi, kwa sababu nina sauti na sina aibu. Naweza kukuuzia kabichi moja kwa bei ya tatu na ukaenda nyumbani ukimshukuru Mungu. Nasema haya mapema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kukosa maneno. Mwaka huu nimekosa maneno mara mbili, na mara zote mbili chanzo ni mbuzi.

Mbuzi huyo aliletwa na Gakuru, Baba Maina, mfugaji wa kuku wa kule Isinya. Gakuru aliokoka akiwa na miaka hamsini na miwili, na bado hajazoea. Sisi tuliozaliwa kanisani tunaisikia Biblia jinsi mtu anavyosikia redio huku anapika. Gakuru anaisoma kama anavyosoma karatasi ya chanjo ya kuku: polepole, kidole kwenye mstari, kisha anainuka anafanya.

Jumapili hiyo alimvuta mbuzi jike, mweupe, hadi mbele, akamfunga kwenye mguu wa meza ya Bwana. Tukapiga makofi. Gakuru hakuketi. Alimtazama mbuzi, akatazama ukuta, akajikuna shingo.

"Pasta," akasema, "nimekumbuka kitu."

Akatoka. Sote tulidhani ni choo.

Ibada ilipokwisha nikaanza mnada. Nilikuwa nimemfikisha mbuzi mahali pazuri, wanaume wawili wakishindana kwa ile hasira ya watu waliookoka, simu yangu ikalia. Alikuwa Gakuru.

"Mama Caro, usiuze mbuzi."

"Kwani uko wapi?"

"Niko njiani naenda Bisil, kwa ndugu yangu Kahiga. Hatuongei. Pale mbele ndio nilikumbuka. Imeandikwa, ukileta sadaka na ukumbuke ndugu yako ako na neno juu yako, unaiacha hapo, unaenda mnapatana kwanza, ndio unarudi unaitoa. Sasa mimi nimeiacha. Sijaitoa. Ukiuza, utakuwa umeuza mbuzi wangu."

Hapo ndipo nilipokosa maneno mara ya kwanza. Watu mia moja wananitazama, mkono uko juu, na sijui kama ninachouza ni cha Mungu ama cha Gakuru.

Wazee wa kanisa tulikaa papo hapo, mbuzi akiwa katikati yetu. Mchungaji wetu, Wamalwa, ni mtu wa Bungoma, mpole, amesomea mambo haya. Akatueleza vizuri.

"Bwana alikuwa anatoa mfano," alisema. "Watu aliokuwa anaongea nao walikuwa Galilaya, na madhabahu iko Yerusalemu. Ni mwendo wa siku kadhaa. Kweli mtu aache mbuzi Yerusalemu, arudi Galilaya kwa miguu kuomba msamaha, halafu apande tena? Ni lugha ya kutushtua ili tushike fundisho. Sura hiyo hiyo inasema jicho likikukosesha uling'oe. Mmeona nani hapa ako na jicho moja?"

"Lililoandikwa limeandikwa," akasema Mzee Kiragu.

"Na yako mbona bado ni mawili, Mzee?" nikamuuliza. Tukacheka wote isipokuwa yeye.

"Cheka tu," Kiragu akasema. "Lakini Pasta atuambie, mfano unaishia wapi na amri inaanzia wapi? Hiyo ya fungu la kumi nayo ni mfano?"

Mchungaji akafunga Biblia yake. Akasema hilo ni swali zuri, na mimi nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua maana ya maneno hayo. Hatukuamua lolote. Mbuzi akafungwa nyuma ya kanisa, kwenye mti wa miba, angoje mwenyewe.

Gakuru alirudi Jumatano, mguu mmoja wa suruali umeraruka. Kahiga alikuwa amemfungulia mbwa. Tulidhani yameisha: amekwenda, amejaribu, sasa amtoe mbuzi wake twende mbele. Akakataa.

"Haijasema ujaribu," alituambia. "Imesema upatane."

"Na ndugu akikataa?" mchungaji akamuuliza.

"Hapo haijasema. Nimesoma mbele na nyuma. Haijasema."

Kuanzia hapo Gakuru akawa haingii kanisani. Kila Jumapili alikuja na nyasi za mbuzi, akakaa kwenye jiwe nje ya ukuta wa mabati, akasikiza mahubiri kutoka huko. Katikati ya wiki alikuwa anakwenda Bisil, anafukuzwa, anarudi. Mbuzi naye alinenepa. Alikula nyasi zake, na akikata kamba anaingia kula maua ya madhabahu ambayo mama mmoja hutuletea kutoka mashamba ya Isinya. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kumchapa. Na polepole jambo baya likaanza. Kikapu cha sadaka kikipita, nikaona watu wanakipitisha bila kutia kitu, wanaangalia viatu vyao. Kila mtu alikuwa amekumbuka mtu.

Nilikasirika. Jumapili ya nne nikatoka nje nimwambie ukweli wake.

"Baba Maina, unatuvurugia kanisa. Ingia ndani. Mungu anaangalia moyo."

"Sawa, Mama Caro," akajibu taratibu. "Lakini dawa ya kuku ikisema changanya na maji lita mbili, mimi sichanganyi na chai nikisema dawa inaangalia moyo."

"Biblia si dawa ya kuku! Na wewe Kahiga si ulishamsamehe?"

"Mimi sina neno na Kahiga. Soma vizuri. Haisemi wewe ukiwa na neno na ndugu yako. Inasema yeye akiwa na neno na wewe." Akamsogezea mbuzi nyasi. "Wewe hujawahi kumkumbuka mtu ukiwa pale mbele?"

Nikamwambia sina muda wa upuzi, nikarudi ndani. Lakini nilikuwa nimemkumbuka. Nilikuwa nikimkumbuka kwa miaka minane.

Judy ni mdogo wangu. Anaishi Kajiado mjini, ni fundi wa sare za shule. Mama yetu alipougua, Judy alikaa naye miaka mitatu, akimwosha, akimlisha, akimgeuza kitandani. Mimi nilikuwa nakuja Krismasi na, nikijitahidi, Pasaka. Mama alipofariki, mwenye kushika programu ya mazishi alikuwa nani? Mwenye sauti. Jina la Judy lilikuwa kwenye karatasi, azungumze kwa niaba ya watoto. Nikamwona ameshika kurasa mbili zilizoandikwa pande zote, nikaogopa. Nilijua atawaambia watu wote wale nani alimwosha Mama na nani hakuja. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Muda umetubana," nikaita kwaya. Judy alizikunja zile kurasa mara mbili. Hajanipigia simu tangu siku hiyo, nami kila nikiomba nilikuwa nasema, Baba, nimemsamehe Judy. Hebu niangalie. Nimemsamehe!

Nikamfuata mchungaji ofisini.

"Pasta, tuseme Gakuru anasoma sawa. Ina maana mimi miaka minane sijatoa sadaka? Zote ziko pale mbele zimelala tu?"

"Hapana, Mama Caro. Nilisema ni mfano."

"Haya. Mfano wa nini?"

"Wa kwamba kupatana na ndugu kunatangulia ibada."

"Kwa hivyo niende."

"Ni vizuri kwenda."

"Na nikiisoma kama Gakuru?"

"Hapo pia unaenda," akasema.

Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ukiisoma kama amri, naenda. Ukiisoma kama mfano, naenda. Kumbe usomaji niliokuwa nikiutafuta ni ule wa tatu, unaoniambia nikae, na huo hata mchungaji mwenye digrii hakuwa nao.

Jumamosi nikashuka Kajiado na kilo mbili za sukari, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu. Duka la Judy liko nyuma ya soko. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja sweta za wajukuu. "Takwenya," nikamsalimia. "Iko," akaitikia, akasogea nikae. Judy aliinua macho, akaniona, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Nimekuja kukuona."

"Baada ya miaka minane. Nani amekutuma?"

Na mimi, kwa upumbavu wangu, nikamwambia ukweli wote. Nikamweleza Gakuru, mbuzi, Kahiga na mbwa wake, mpaka Kiragu na macho yake mawili. Nilisimulia vizuri, najua kusimulia. Yule mama wa Kimaasai alicheka. Judy pia alicheka, kidogo, kisha cherehani ikanyamaza.

"Kwa hivyo mimi ndio nimezuia sadaka yako," akasema. "Ukitoka hapa utaenda kuitoa."

"Judy, si hivyo."

"Ni aje basi? Umekuja juu yangu ama juu ya sadaka?"

Hiyo ndiyo mara ya pili. Nilitafuta jibu kila mahali na halikuwepo. Nilitaka kusema, juu yako. Lakini bila yule mbuzi, ningekuwa Kitengela wakati huo nikipanga mambo ya Jumapili, na Judy alijua.

"Sijui," nikasema.

Judy akavuta droo ya cherehani, ile ya bobini za uzi na chaki. Chini kabisa palikuwa na karatasi zilizokunjwa mara mbili. Akazifungua, akazinyoosha pajani.

"Leo hakuna programu," akasema. "Kaa hapo."

Akasoma. Alisoma polepole, kama tungekuwa makaburini na watu wote wale. Alisoma jinsi Mama alivyokuwa akiimba akikama ng'ombe, jinsi alivyosahau majina yetu lakini akakumbuka majina ya ng'ombe. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili. Mteja mwingine aliingia, akaona, akangoja mlangoni. Nikawa nangoja sehemu yangu, ile niliyoiziba mdomo mbele ya watu mia tatu. Ikafika ukurasa wa pili, nyuma, karibu na mwisho.

"Nataka mjue pia," Judy akasoma, "kwamba dada yangu Mugure hakuweza kuja mara nyingi. Msimhukumu. Kuna watoto hawawezi kuangalia mama yao akirudi kuwa mtoto. Mama alikuwa anamwita kila siku, na mimi nilikuwa naitika kwa niaba yake."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, hiyo hiyo ninayouzia kabichi. Judy alimaliza, akakunja karatasi, akazirudisha chini ya bobini. Hakuja kunishika. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Niko na sare arobaini za Jumatatu," akakanyaga cherehani, na nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua kichwa, "Jumamosi huwa niko."

Kesho yake nilifika kanisani mapema. Niliweka bahasha yangu kwenye Biblia kama kawaida. Nikafika mlangoni, sikuingia. Nikazunguka nyuma hadi kwenye jiwe la Gakuru. Akasogea, nikakaa. Mbuzi alikuja akaninusa mkono.

"Ulienda?" akauliza.

"Nilienda."

"Alikuwa na neno?"

"Kurasa mbili."

"Ukasikiza zote?"

"Zote."

"Sasa mbona uko nje?"

"Sijui kama tumepatana, Baba Maina. Hakusema."

Gakuru akamkuna mbuzi shingo. "Kahiga juzi hakufungulia mbwa," akasema. "Alisimama tu kwa gate akaniangalia. Hata hiyo sijui ni nini."

Tukakaa tu, wajinga wawili na mbuzi, tukisikiliza kwaya kupitia mabati. Wakafika wimbo wa sadaka. Nikasikia mchungaji akiuliza kwenye kipaza sauti Mama Caro yuko wapi, kisha Mzee Kiragu akisema tuendelee, muda umetubana. Maneno yangu hayo. Yaliniingia kama maji baridi. Nikamwona Judy akizikunja zile kurasa, mara ya kwanza, mara ya pili.

Nikaitoa bahasha kwenye Biblia, nikaiweka juu ya jiwe, nikasimama.

"Unaenda wapi?" Gakuru akauliza.

"Kajiado."

"Si alisema Jumamosi?"

"Alisema."

Sikujua kama naenda kwa sababu imeandikwa ama kwa sababu kuna mtu aliitika kwa jina langu miaka mitatu. Mpaka sasa sijui. Nilikuwa nimeshafika langoni nilipogeuka, nikaona Gakuru akiinyakua ile bahasha kwa mikono miwili, maana mbuzi alikuwa ameshaanza kuila kwenye kona.