Wasaidizi Wawili wa Kwanza

Mimi sijui kungoja. Mama yangu kule Olenguruone husema kwamba utotoni sikutambaa, nilisimama tu siku moja nikaanza kukimbia na kuanguka. Kwa hiyo Kocha Chesang aliponiita kwenye stoo ya mipira, akanikalisha juu ya gunia la koni za mazoezi na kuninong'oneza kwamba kuanzia sasa mimi ndiye msaidizi wake wa kwanza, kisha akaniomba nisimwambie mtu mpaka nusu fainali ipite, alinipa furaha na adhabu kwa mkono mmoja.

Cheo hicho nilikitaka. Nisizunguke: nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kuolewa. Nilikuwa nimecheza beki wa kati mpaka goti likanitupa nje, nikaja kufundisha mabeki wa timu ya wanaume ya chuo chetu hapa Nakuru, na hadi leo wageni huniuliza kama mimi ndiye nesi wa timu. Chesang alikuwa anakaribia kustaafu. Kila mtu alijua kwamba msaidizi wa kwanza ndiye atakayeachiwa timu, na wasaidizi tulikuwa wawili tu, mimi na Yaseen.

Yaseen alikuwa akifundisha washambuliaji. Ni mtoto wa Bondeni, mtaratibu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, anayeongea kama mtu aliyepewa siku nzima ya kumaliza sentensi moja. Utaratibu wake huo ulinikera siku zote. Nikimwuliza kitu naondoka kabla hajajibu.

Wiki hiyo niliona amebadilika. Alianza kufika uwanjani mapema. Alianza kusimama pale ninaposimama mimi, bega kwa bega na Chesang, huku amekunja mikono. Tulipofanya mazoezi ya kona nilimwambia Kipyegon, beki wetu wa kati na nahodha, abaki nyuma. Yaseen naye akamwambia apande. Mtoto wa watu alisimama katikati ya uwanja akitutazama kwa zamu, asijue amtii nani, na vumbi linampiga usoni. Nilimgeukia Chesang aamue. Ghafla Chesang akawa na kazi kubwa ya kufunga kamba za viatu vyake.

Damu ilinichemka, lakini nilijikaza. Nilijiambia kwamba Yaseen hajui, maskini, acha afurahi siku zake za mwisho. Nilimwonea huruma ile anayokuwa nayo mtu aliyeshiba.

Nusu fainali ilitukuta na kocha asiye na benchi. Chesang alikuwa amemtukana refa kule Molo kwenye mechi iliyotangulia, akafungiwa mechi moja, kwa hiyo ilimbidi akae nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja, kwenye ukingo wa nyasi, pamoja na wanafunzi na kelele zao. Kabla ya kwenda huko alituambia sote wawili kwamba benchi ni letu na kwamba anatuamini. Kisha akanikonyeza. Sikufikiria kutazama kama alimkonyeza na mwenzangu.

Sikukaa kitako hata kidogo. Nilitembea kutoka mwisho mmoja wa eneo letu hadi mwingine, nikang'ata kamba ya filimbi mpaka ikalowa, nikageuka, nikarudi. Wapinzani walikuwa chuo kimoja cha Kericho, vijana warefu wenye mbio. Walitufunga, tukasawazisha. Kipindi cha pili kikiwa kimekwenda sana, Kipyegon aliruka kupiga mpira wa kichwa, akatua vibaya, akainuka akichechemea. Alitupungia mkono kwamba yuko sawa. Hakuwa sawa. Goti langu liliniishia hivyohivyo, kwa kujikaza na kupunga mkono.

Tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja ya kubadilisha mchezaji. Niliandika jina la Zayed, beki wa mwaka wa kwanza, nikakimbia mpaka kwa refa wa akiba. Nilimkuta Yaseen amefika kabla yangu, na karatasi yake mkononi. Ya kwake ilimtaja Farah, mshambuliaji.

"Madam, boss, mimi nataka karatasi moja," refa wa akiba akasema. Alikuwa mzee aliyechoka na makelele ya dunia. "Nani ndiye mkubwa hapa?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mimi," Yaseen akasema papo hapo, bila kukawia, na hilo ndilo lililonishtua.

Tulitazamana. Akaniambia polepole kwamba Kocha mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, kwenye stoo ya mipira, ila alimwomba akae kimya nisije nikaumia. Nilimwuliza alikalia nini. Akasema gunia la koni.

Tuligeuka pamoja kuelekea ule ukingo wa nyasi. Chesang alikuwa amesimama, anatutazama. Yaseen alimwinulia karatasi zetu zote mbili. Kocha wetu alituona, nina hakika, kwa sababu mikono yake ilishuka. Kisha akatupa mgongo, akapenya katikati ya wanafunzi na kwenda kununua njugu.

Nilitaka kuruka ile kamba nimfuate nikamwambie yote, mbele ya wanafunzi wake na njugu zake. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Yaseen alinishika mkono wa tracksuit.

"Ulikuwa unaitaka sana hiyo cheo?"

"Sana."

"Hata mimi. Nishaambia mpaka mathe."

Kumbe mama yake naye alikuwa anakisubiri cheo hicho. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona kumbe ule utaratibu wake wote ulikuwa wa mtu anayeogopa kukosea. Naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Kipyegon, aliyekuwa ameinama ameshika goti. Aliniuliza kama ni uchovu au ni goti kweli. Nikamwambia ni goti, na kwamba akigongwa tena hatacheza mpira tena maishani.

Yaseen aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Peana yako."

"Na tukifungwa?"

"Tutakuwa tumefungwa."

Kipyegon alitoka amenuna. Alivua kitambaa cha unahodha akakiangusha chini, akakaa mbali nasi. Zayed akaingia. Dakika za mwisho, mpira mrefu ukampita juu ya kichwa, akageukia upande usio wake, na kijana mmoja wa Kericho akatufunga. Filimbi ikalia. Ndiyo ikawa basi.

Chesang alipita chini ya kamba akaja na uso umekunjamana. Timu nzima ilikuwa imekaa kwenye nyasi. Aliuliza nani aliyemtoa nahodha. Akasema mkuu wa chuo atamwuliza yeye, naye anataka jina moja tu, na mwenye jina hilo asahau kukanyaga karibu na timu hii msimu ujao.

Karatasi ilikuwa ya mkono wangu. Niliogopa, tena niliogopa sana, na sauti yangu ikachelewa.

Yaseen akasimama.

"Ni mimi, Kocha."

Hapo cheo kikawa changu. Sikuhitaji kukiomba wala kukigombania, ilikuwa ninyamaze tu. Wachezaji walikuwa wameinamisha vichwa. Kipyegon peke yake alikuwa ananitazama, mguu ameunyoosha mbele, barafu imefungwa juu ya goti.

"Anadanganya," nikasema. "Niliandika mimi. Yeye alikubali, na wote tungemtoa tena hata sasa hivi."

Chesang alimtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine. Nilimwona hasira ikimtoka, na mahali pake pakaingia ule upole wake wa stoo. Alilainisha uso. Akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akashusha sauti.

"Jepleting, njoo kando kidogo tuongee."

Niliutoa mkono wake begani.

"Semea hapa, Kocha. Na Yaseen asikie."

Yaseen alisogea akasimama kando yangu. Timu nzima iliinua vichwa. Chesang alifungua mdomo, akatutazama sote tulivyokuwa tunamngoja, na hakuwa na hata neno moja ambalo angeweza kulisema mbele yetu wawili.