Ziwa Jekundu

Mimi Wahu sikuwa mtu wa kuambiwa mashine yangu ni mbovu. Mwaka wa 1998 nilikuwa na kompyuta tatu mjini Kisumu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na moja kati ya hizo ilikuwa imeunganishwa na mtandao kwa waya wa simu. Watu walipanda ngazi kuchapiwa barua za kuomba kazi na kutuma barua pepe kwa jamaa zao walio ng'ambo. Walinisifu, nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Alhamisi moja asubuhi aliingia mama wa makamo, leso mabegani, matope yamemkaukia viatuni. Alisema anaitwa Lornah, ana mashua katika ufuo wa Kobudho. Akanipa karatasi aliyoandikiwa anwani ya mtandao na afisa wa uvuvi.

"Wanasema kuna picha ya lake imepigwa kutoka juu," alisema. "Juu kabisa, kupita ndege. Mimi nataka kuona kama hii majani iko na mwisho."

Majani gani, sikuhitaji kuuliza. Gugumaji lilikuwa limeziba ghuba mwaka ule. Kobudho ilikuwa imefungwa miezi miwili, mashua ya Lornah imelala mchangani, na wavuvi wake wanne walikuwa wamekimbilia Nyalenda kutafuta kibarua. Walimwambia wazi kwamba majani yamefika hadi ng'ambo ya ziwa. Yeye mwenyewe akisimama ufuoni aliona kijani tupu mpaka mbinguni. Jumamosi mnunuzi kutoka Usenge angekuja na lori kuichukua mashua.

"Kama haina mwisho, aende nayo," Lornah alisema. "Kama iko na mwisho, mimi siuzi."

Miaka sita nilikuwa Kisumu na ziwa sikuwahi kulisogelea. Mimi mtu wa Nyeri. Samaki nilimjulia sahanini, na hata hapo nilimtilia shaka. Lakini kufungua picha ilikuwa kazi yangu, nikaandika anwani.

Ukurasa ulifunguka. Mahali pa picha palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama ndogo ya karatasi iliyochanika.

"Imekataa?" aliuliza.

"Haijakataa, mama. Ngoja kidogo."

Nikamlaumu mwenye ukurasa, nikawalaumu watu wa simu, nikalaumu kivinjari changu kwa uzee wake. Kisha nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekiamuru kisipakue picha, ili bili ya simu ipungue. Mchawi alikuwa mimi mwenyewe. Nikarekebisha kimyakimya, uso umekauka kama wa hakimu.

Picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari, kama mkeka unaokunjuliwa na mtu mvivu. Ilikuwa nyekundu. Nchi kavu nyekundu, ziwa jeusi, na juu ya ule weusi mabaka mekundu tena. Nilisikia aibu ikinipanda shingoni, maana mama wa watu ametoka mbali na mimi namwonyesha kitu kama nyama buchani.

Sikungoja picha iishe; nikachomoa waya wa skrini, nikasafisha ncha zake kwa spiriti, nikaurudisha. Nikaongeza idadi ya rangi. Nikapakua upya, na kila kupakua ni robo saa. Nyekundu ikarudi vilevile, tena safari hii picha ikakwama katikati, sehemu yote ya chini ikabaki kijivu. Nikatukana kwa Kikuyu na kunyoosha mkono niizime mashine.

Lornah akanishika kifundo cha mkono.

"Nyathina, mtoto wangu, wacha kutengeneza."

Alikuwa amevuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kidole chake kilifuata vijisanduku fulani upande wa juu.

"Hii ni Miwani. Hii ni shamba ya miwa, nimelima huko miaka tisa. Ona, hii wamekata miwa, haina nyekundu. Hii bado iko na miwa, ni nyekundu. Matete ya mto, nyekundu. Na town ndio hii, kijivu, kwa sababu hakuna kitu inamea kwa mabati." Akanigeukia. "Kila kitu kijani, huyu mtu ya picha ameweka nyekundu. Mashine yako si mgonjwa."

Nikatazama tena, na sasa niliona. Kila kilichokuwa hai kati ya vilima na maji kilikuwa kimewaka: mashamba, kingo za mito, miti ya mtaa wa Kaloleni ninaoishi. Niliishi miaka sita katikati ya hayo yote bila kujua yana umbo gani. Mtu fulani alikuwa ameyatazama kutoka mahali pasipo hata hewa, na mama huyu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliyasoma kama anasoma uso wa jirani. Niliogopa kidogo, nasema kweli.

Basi yale mabaka mekundu majini ndiyo yalikuwa majani yake. Lakini Kobudho ilikuwa huko chini, kwenye sehemu ambayo haikushuka.

Ubovu wa kweli ulikuwa huo, na mimi nilikuwa nimeupita nikikimbiza ubovu usiokuwepo. Nikatulia, nikafikiri. Kivinjari huweka picha kwanza kwenye akiba yake ndani ya kompyuta, na akiba ile nilikuwa nimeitengea nafasi ndogo, tena imejaa takataka za mwaka mzima. Nikaifuta yote. Nikafunga kila programu nyingine, nikapakua mara ya tatu, na wateja nikawaambia wasubiri au waende.

Mstari baada ya mstari. Miwani, mji, mdomo wa mto. Palipokwama mara ya pili pakapita. Ikaja Kobudho, na mbele yake ukanda mwekundu. Kisha chini ya ukanda ule ukaja mstari mweusi. Na mwingine mweusi. Na mwingine, mpaka picha ikaisha.

Lornah akatoa kijiti cha kiberiti. Akakiweka juu ya kioo kutoka mdomo wa mto hadi kona ya barabara, akakikata kwa ukucha. "Hapa natembea nusu saa," alisema. Akakihamishia juu ya ukanda mwekundu. Kilienea sawasawa: mwendo wa nusu saa, basi.

"Yaye," alisema polepole, na machozi yakamtoka. Yangu pia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Ijumaa jioni niliifungua tena ile picha, kwa sababu sikuweza kuacha kuifikiria. Ndipo nilipoona tarehe pembeni, kwa herufi ndogo. Ilipigwa wiki tatu zilizopita. Na gugumaji huhamishwa na upepo hata kwa siku moja.

Alfajiri ya Jumamosi nikaondoka kwenda Kobudho. Nilifika lori la Usenge likitoka, limebeba mashua ya mtu mwingine. Lornah alikuwa ndani ya majani hadi kiunoni pamoja na wanawake sita, wote na mapanga. Mbele yao kijani kilikwenda hadi mbinguni. Kama nisingeiona ile picha, ningeapa pamoja na wale wavuvi kwamba hakuna mwisho.

"Mama, nisamehe. Ile picha ni ya zamani. Ya wiki tatu."

"Niliona. Nambari mimi najua kusoma."

"Na upepo?"

"Upepo inaweza kuongeza, inaweza kupunguza. Lakini hii si kitu ya kulilia tena. Ni kitu ya kukata." Akanirushia ncha ya kamba. "Vuta hapo."

Nikavua viatu.

Kijiti cha kiberiti kilikuwa kimetudanganya. Ukanda ulikuwa umenenepa. Wavuvi wawili walirudi kwa haya, wakashika mapanga bila kuulizwa. Mimi nilikwenda kila Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa. Siku ya kumi na sita, Jumapili, tulikuwa tunaisukuma mashua kwa miti ndani ya mfereji wetu, Lornah mbele akikata, na majani yakaachana.

Ziwa lilikuwa pale, zima, si jeusi wala jekundu, rangi ya chai ya maziwa, hadi macho yangu yalipoishia. Lornah aliweka panga chini, akaingiza mkono majini mpaka kiwiko, akauacha humo.