Tembo Kwenye Njia ya Korongo

...wala mkonga hajaukunja, hilo ndilo la kutazama kwanza, Shufaa alijiambia, mguu ukiwa juu ya breki, masikio ameyatanua kama milango miwili lakini mkonga unaning'inia tu, na mtoto wake kajibanza nyuma yake kwenye kivuli cha mwamba, kwa hiyo huyu mama anatutisha, angetaka kutuvamia angekwisha fika... “Rudi nyuma!” baba yake alisema kutoka kiti cha kushoto, “Shufaa, weka rivasi, rudi!”... arudi wapi, nyuma yao kuna ile kona ambapo njia inabanwa na jabali upande huu, na upande wa baba ni mteremko mtupu mpaka chini kwenye mchanga mweupe, mto ulikokuwa ukipita Mei na sasa huoni hata tone, ndiyo maana tembo wanazunguka huku, wameshuka kuchimba maji kwa miguu, wageni huvuka bahari kuja kupiga picha korongo hili na yeye amewaleta miaka minne, kila jiwe la njia hii analijua, ila leo mgeni ni mzee Isihaka, dereva wa malori miaka thelathini, Dar mpaka Tunduma, aliyepita Iringa maisha yake yote bila kukanyaga hifadhini, jicho moja sasa lina ukungu lakini mguu wake bado unakanyaga breki isiyokuwepo, tangu getini amemwona... “Usizime, usizime injini!”... akaizima, na kimya kikaingia ndani ya gari pamoja na joto na harufu ya vumbi, akasikia tembo akipumua, akamwona kichwani Junaid, kaka yake, miaka ile, kwenye usukani wa lori pale uwanjani Ipogolo, baba kando yake akicheka, polepole, achia klachi polepole, na yeye wa miaka kumi na mitano kasimama chini akiuliza, na mimi je, “Wewe kamsaidie mama yako,” basi, maneno manne, akaja kufundishwa na fundi Danieli kule Mafinga, yeye akiwa na miaka ishirini na sita, kwenye pikapu isiyo na mlango, na baba hakuuliza hata siku moja umejulia wapi, na leo ndiyo alipanga kumwambia, hapa hapa, akishaona korongo, maneno ameyapanga tangu juzi... tembo alitikisa kichwa, akapiga hatua mbili, vumbi likaruka, “La ilaha illallah,” mzee alinong'ona, na mkono wake ulioshika mlango ulikuwa ukitetemeka, huo mkono, Shufaa hakuwahi kuuona ukitetemeka, hata mazikoni kwa mama... “Kitonga,” mzee alisema ghafla, bila kumtazama, “mwaka uliozaliwa wewe, breki zilinikatikia kwenye mteremko. Sikumwambia mama yako. Tangu siku ile kila nikiushuka mlima ule nilikuwa hivi hivi.” “Mbona Junaid ulimfundisha?” “Alinishinda yule, baada ya kukataa shule. Nikaona wa kuniweka roho juu mmoja anatosha.”... kumbe hivyo, kumbe hakumdharau, alimwogopea, na Shufaa akasubiri furaha ije, haikuja yote, maana woga ule ulimchukulia miaka kumi na mmoja na hakuna atakayeirudisha, lakini alipoyatafuta yale maneno aliyoyapanga aliyakuta yamelainika, hayashikiki, ni ya kumwambia mtu mwingine, mtu mkali aliyerudi safari na kula bila kusema neno, na yule mtu pengine hakuwepo, pengine siku zote alikuwa huyu, anayerudi kutoka Kitonga akiwa hai na hana wa kumweleza... “Baba, achia mlango taratibu, chuma kikilia atashtuka.” Akaachia, mara moja, kama aliyeambiwa na dereva mwenzake, akaweka mikono magotini. “Sasa tunafanyaje?” aliuliza, na Shufaa hakukumbuka baba yake kumuuliza mtu swali hilo. “Tunakaa. Njia ni yake, akishiba kutuangalia atapita.” “Una uhakika?” “Ninao,” alisema, na alikuwa nao, ulikuwa wake tangu zamani, hakupewa na mtu, na mbele yao tembo bado amesimama katikati ya njia, na Shufaa, macho mbele, akaunyoosha mkono wa kushoto akaufunika mkono wa mzee.