Mtutu Ulioelekea Migombani

Bunduki ya mzee Ambilikile ilitundikwa juu ya mafiga, hapo hapo mkungu wa ndizi unapotundikwa uive kwa joto la moshi, na kwa miaka mingi mkewe Anyelwisye hakuwa na neno nayo. Ilikuwa na kibali, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufukuza ngedere kwenye mahindi yao ya Kisondela. Kila aliporudi kutoka shambani mzee aliikunja katikati, mtutu ukainama, akatoa risasi na kuzifungia sandukuni.

Jumatatu moja Anyelwisye alikuwa akimenya ndizi, upepo ukaubamiza mlango. Juu ya kichwa chake kitu kikalia: ta. Akainuka kutazama. Kitufe cha usalama kilikuwa kimesukumwa nyuma vile vile mzee alivyokiacha, lakini bunduki ilikuwa imejifyatua yenyewe, tupu.

Siku zilizofuata, mzee akishaitundika na kutoka, Anyelwisye aliubamiza mlango mwenyewe na kutega sikio. Jumanne ikalia. Jumatano ikanyamaza. Alhamisi ikalia tena.

Alipomweleza, Ambilikile alicheka, akasema bunduki ya marehemu baba yake isingeshindwa na mlango, tena mwezi uliopita tu aliipaka mafuta mpaka ndani. Mafuta gani? Ya parachichi, yale aliyoyakamua Anyelwisye kwa ajili ya visigino vyake. Kumbe chupa aliyoitafuta nyumba nzima ilikuwa imekwenda huko.

Ila kilichomkaa moyoni hakikuwa mlango wala chupa. Alikuwa Tulia, mke wa mwanawe Jairo. Tulia alilelewa Lupepo kwa adabu za zamani: hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Mzee akipita hukohoa. Tulia akisikia huacha njia na kuingia migombani, upande wa bondeni, mpaka apite. Na mzee naye, ili asimwelekezee mtu wa njiani mtutu, siku zote huulaza upande huo huo wa bondeni.

Ijumaa asubuhi mzee alikuwa ameshavaa buti na kuweka risasi mbili.

"Baba Jairo," Anyelwisye akamwita, "jana ulipokohoa pale mtaroni, Tulia alikwenda wapi?"

"Migombani. Si ndiyo adabu?"

"Na mtutu ulikuwa unatazama wapi?"

Mzee akaikunja bunduki, akatoa risasi, akaifunga tupu na kukisukuma kitufe cha usalama. Kisha akakipiga kitako kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni acheue.

Ta.

Akakaa kwenye kigoda. "Niletee turubai niifunge, tuipeleke kwa fundi," akasema.

Fundi Amri wa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, ana leseni ya kutengeneza silaha. Aliifungua bunduki mbele yao, akatoa kwa ncha ya bisibisi kitu cheusi chenye kunata, mafuta yaliyogandana na masizi, akakinusa.

"Mzee, humu ulikaanga nini?"

Akawaonyesha kwamba kitufe kile hukizuia kifyatulio tu. Ndani kuna jino linaloishika nyundo, ambayo hujitega kila bunduki inapokunjwa. Jino lenyewe limelika, na ule uchafu ulilifanya lishike kwa ncha tu. Mtikisiko mdogo, linaachia.

"Usalama huu ulikuwa unakizuia kidole chako, mzee. Nyundo haikuwa na wa kuizuia."

Akaomba wiki mbili. Akaongeza kwamba hata ikipona asikiamini kitufe. Atembee nayo imekunjwa, kwani hivyo haiwezi kufyatuka, mpaka amwone ngedere.

Wiki hizo mbili mzee aliwafukuza ngedere kwa kugonga debe, akirudi analalamika kwamba wameanza kulicheza kama ngoma. Bunduki iliporudi, iliwekwa kwenye kabati la chumbani, mbali na moshi, na chupa ya mafuta ikahamia chini ya kitanda, upande wa Anyelwisye.

Asubuhi ya kwanza Anyelwisye alisimama mlangoni kusikiliza. Bunduki ilikunjwa, kak, ndipo kikohozi kikafuata. Majani ya migomba yakatikisika.

Mchana Tulia alileta bakuli la kande mlango wa nyuma. "Mama, mwambie baba ndaga," alisema. "Nimesikia akiikunja kwanza, ndipo akakohoa."

Anyelwisye akazifikisha shukrani hizo. Mzee akalivuta bakuli karibu, akasema kikohozi chake kimezeeka, kinahitaji msaidizi, kisha akauliza kama kuna chumvi.