Kidole Kisicho na Mistari

Lori la kwanza lilikuwa limeshatoka getini na tanuri la kukaushia rangi, Tak Ho-gyun alipofika karakanani akihema. La pili lilikuwa linapakiwa. Karakana nzima ilikuwa inahama Ansan kwenda Hwaseong, na hakuna aliyemwambia. Alijishika kwenye nguzo ya geti, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, halafu akaanza kumtafuta bosi.

Alihitaji karatasi moja tu. Daktari alishaandika kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la alumini na yamechomwa na mvuke wa rangi, na kwamba ugonjwa huo ameupata kazini. Ofisi ya fidia ilikuwa tayari kumlipia matibabu. Ila binti wa dirishani, mpole kweli, alimgeuzia kompyuta akamwonyesha: kumbukumbu za mahudhurio za karakana ya Pyo, bosi wake, zilikuwa na wafanyakazi watatu, na yeye hakuwamo. Miaka tisa, hata siku moja hakuna. Binti akamwambia amwombe Pyo aandike kwamba Ho-gyun alifanya kazi pale, na karatasi ifike kabla ya Ijumaa jioni. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Ukitafuta wa kulaumiwa, ni vidole vyake. Watu wenye haraka hukwaruza rimu za magari yao kwenye kingo za barabara na kwenye miteremko ya maegesho ya chini ya ardhi, rimu inatoka kama imetafunwa na mbwa. Kazi ya Ho-gyun ilikuwa kuibabua rangi ya zamani kwa dawa, kujaza palipoliwa, kupiga msasa wa maji, kisha kupapasa ukingo kwa gumba tupu mpaka lisikwame popote. Glavu inadanganya, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine. Wateja wenyewe wakija kuchukua gari huchuchumaa na kupapasa, na hakuna aliyewahi kurudisha rimu ya Ho-gyun.

Lakini msasa haujui rimu ni ipi na ngozi ni ipi. Pyo alipofunga mlangoni mashine ya kusoma alama za vidole, ya kuandika mahudhurio, wenzake walibonyeza, ikawashukuru kwa sauti ya kike. Ho-gyun alibonyeza vidole vyote kumi, ikavikataa vyote. Walicheka wakamwita Mzimu, naye akacheka nao. Pyo akamwambia asijisumbue, awe anapitia mlango wa nyuma, kwani kuna asiyemjua? Tangu siku hiyo mshahara wake ukawa unatoka kwenye bahasha, mkono kwa mkono.

Alimkuta Man-il akiifunga kamba mashine ya kerezo, ile ya kuchongea rimu. Man-il alikuja pale hajui hata kushika msasa, na Ho-gyun ndiye aliyemfundisha. Akamwomba waende wote ofisi ya fidia, akaseme tu alichokiona. Man-il aliendelea kukaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Kaka mkubwa, usinitie majaribuni. Hwaseong nimepewa usimamizi."

"Sikuambii ukaseme uongo."

"Ndiyo maana nakuomba uniache."

Akamwacha. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akapanda ngazi za ofisi ya Pyo, akakuta kalenda tu ukutani, akashuka. Kumbe Pyo Gi-taek alikuwa ndani ya gari lake, injini inaunguruma, anaongea na simu. Ho-gyun alimzidi bosi huyu miaka kumi na mitano. Kwenye meza ya pombe Pyo alimwita kaka, kazini alimwita fundi. Alimaliza simu yake taratibu, ndipo akashusha kioo.

Ho-gyun akaeleza kwa heshima, ameinama. Pyo alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema akiandika hivyo wakaguzi watakuja, watauliza feni za kuvuta vumbi ziko wapi, watafunga Hwaseong kabla haijafunguliwa.

"Unataka wenzako wafe njaa kwa ajili ya kikohozi chako, kaka?"

"Si kikohozi, Bosi. Nikipanda orofa mbili nakaa chini."

"Basi usipande. Fanyia kazi nyumbani."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba Tak Ho-gyun ni fundi wa kujitegemea, alikuwa akipita mara mojamoja kusaidia, na hana dai lolote. Akiikubali, ataletewa rimu nne kila Jumatatu. Asipoikubali, basi, Hwaseong ni mbali.

Lori la pili lilipiga honi. Ho-gyun aliisoma karatasi mara mbili. Hakukuwa na karakana nyingine ambayo ingemchukua mtu wa miaka hamsini na tisa anayekohoa; tone moja la mate kwenye rangi mbichi linaharibu rimu nzima.

"Mhuri wangu wa kutia sahihi sikuubeba," alisema.

"Gumba linatosha."

Pyo akamfungulia kidau cha wino mwekundu. Ho-gyun akachovya, akabonyeza. Likabaki doa la mviringo, safi, halina mstari hata mmoja, utadhani tone la mchuzi wa pilipili. Alilitazama, akangoja.

"Hili si alama ya mtu, Bosi. Yeyote angeweza kuliweka."

Pyo alilipuliza likauke.

"Lakini umeliweka wewe. Mimi si nimekuona?"

Karatasi ilifika ofisi ya fidia saa tisa na nusu alasiri, ikapokelewa, faili likafungwa. Binti wa dirishani alihamishiwa idara nyingine. Karakana ya Hwaseong ina kazi nyingi. Man-il ndiye msimamizi, na feni bado hazijafungwa. Pyo huleta rimu kila Jumatatu, zilikuwa nne, siku hizi ni sita. Ho-gyun hawezi tena kuinama kwa muda mrefu. Anayepiga msasa ni mkewe, Sun-rye, kwenye kibaraza cha nyumba yao, katikati ya mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, aliyoifunika kwa magazeti, na mume hukaa kwenye kigoda akimwelekeza. Sun-rye alianza kukohoa mwezi wa tatu. Majirani wanasema ni lile vumbi la njano linalokuja na upepo kila mwaka majira hayo, litapita.