Mkwe Anayehamisha Vyombo

Lilianza kopo la sukari. Fundi alilikuta kwenye rafu ya juu kabisa ya kabati, mahali ambapo hakuwa ameweka kitu tangu mumewe afariki. Akalishusha kwa taabu. Wiki iliyofuata likarudi juu. Kisha kiti chake chenye mito kikatoweka sebuleni, mahali pake pakakaa kigumu kisicho na mikono. Vitu vilihama Jumamosi tu, siku ambayo mkwewe huja kumsaidia usafi.

Majirani bado walimwita Fundi, ingawa cherehani aliifunika shuka tangu alipoanguka bafuni. Aliishi peke yake. Mwanawe alitaka ahamie kwake, naye alikataa katakata.

"Mkwe wangu ananitega," alimwambia jirani. "Anataka nishindwe, kisha amwambie mumewe: unaona, mama yako hajiwezi."

"Si umwulize?"

"Nimwulize anidanganye?"

Akaamua kumkomesha. Alipoanguka, mtaalamu wa viungo kliniki alimfundisha mazoezi, akayapuuza, eti michezo ya watoto. Sasa aliyaanza, mlango kaukomea. Alishika sinki akainuka kwa ncha za vidole mpaka vigimbi vikawaka moto. Aliketi na kusimama kwenye kile kiti kigumu bila kushika kitu, na kila alipoinuka alimsema mkwewe kimoyomoyo. Asubuhi alizunguka mtaa. Jumamosi alijikongoja makusudi, mbaya wake asije akashtuka.

Miezi ikapita. Siku moja mwanawe akaja na mkewe, akaketi, akakohoa.

"Mama, safari hii usinikatalie. Nimeshapata mpangaji."

"Mpangaji wa nini?"

"Wa nyumba hii."

Fundi akamgeukia mkwewe. Huyo macho yake yalikuwa dirishani.

"Tunywe chai kwanza," mkwe alisema. "Mama, tuletee sukari."

Shetani mkubwa wewe, Fundi aliwaza. Akasimama bila kushika popote, akaenda kabatini, akajinyoosha, akashusha kopo. Mwanawe alishanyanyuka nusu, mikono mbele, tayari kumdaka. Akaketi tena taratibu. Habari za mpangaji ziliishia hapo.

Walipokuwa wakiosha vikombe, Fundi alimbana mkwewe jikoni.

"Ni wewe unayehamisha vitu vyangu."

"Ni mimi, mama. Yule wa kliniki alisema usipojinyoosha na kuinuka, miguu itakufa kabisa. Ningekwambia, ungefanya?"

Fundi akapangusa kikombe. "Na wewe unafaidika nini?"

Mkwe akashusha sauti. "Kwangu kuna vyumba viwili na watoto wanne. Nakupenda, mama, lakini tungeuana."

Fundi akamkazia macho, akitafuta uongo. Hakuuona. Akaangua kicheko mpaka mwanawe akauliza kutoka sebuleni kuna nini.

"Endelea na chai yako!" alimjibu.

Hata hivyo, walipoondoka alikagua nyumba nzima, chumba hadi chumba, kuona nini kingine kimehama.